Kwa Mama Ardis, Aliyegombea Mara Tano

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipokaa kwenye kiti cha mlangoni uvae viatu vya theluji, ukavaa kimoja, na cha pili hukukivaa. Baba alikuwa jikoni akimimina kahawa. Alikuita mara mbili ndipo akaja kutazama. Ulikuwa na miaka sitini na tisa, na ulikuwa njiani kwenda kanisani kuandaa chakula cha msiba wa mtu mwingine. Wanawake wenzako walingojea viazi vyako hadi saa tano, kisha wakapiga simu.

Gazeti la mji wetu, Rudd, limetupa nusu ukurasa. Mhariri aliniambia, "Marit, andika mistari michache tu, mama yako watu wanamjua." Nikamjibu kwamba wanachojua watu ni kuwa ulishindwa mara tano, na hilo peke yake si kukujua. Akafuta tangazo la matairi ili nafasi ipatikane. Nadhani naye alipanda basi lako.

Sisi wote tulipanda basi lako. Kwa miaka ishirini na tisa uliwapeleka shule watoto wa mashamba ya kaskazini, kwenye barafu na kwenye tope la Aprili, na ulijua nani ametoka nyumbani bila kula. Chini ya kiti chako palikuwa na kopo la biskuti. Hukumwuliza mtu kitu, ulimpitishia tu kopo huku macho yako yakiwa barabarani. Hata ulipostaafu, mtu mzima mwenye ekari elfu nne za ngano ukimwambia "Keti," aliketi. Nilikuona ukifanya hivyo kwenye mkutano wa kaunti, na mwenyekiti wa mkutano akaketi pia.

Siasa hukuwa nazo. Ulipiga kura kila mara, ukarudi nyumbani, ukaendelea na kazi zako. Kisha hospitali yetu ikafunga wodi ya wazazi, wakasema watoto wanaozaliwa hapa ni wachache mno. Majira ya baridi yaliyofuata zamu yangu ikafika. Mume wangu alikuwa kazini kwenye visima vya mafuta, hospitali ya karibu ilikuwa maili tisini, na wewe ndiye uliyeshika usukani wa pikapu ya Baba. Tulikwenda maili kumi na moja. Mbele hapakuonekana barabara wala nguzo za uzio, theluji tupu. Ukageuza kuingia kwenye ghala la ngano la kando ya reli, na Signe akazaliwa saa nne asubuhi kwenye chumba cha mizani, juu ya koti la mzee Clete, mpimaji wa ngano.

Clete alimpima kwa mizani ya sampuli. "Ratili saba na nusu," akasema. "Uzito ni safi kabisa. Unyevu sijaupima."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Halafu ulitoka nje kwenye upepo ule, na kupitia dirishani nilikuona ukilia, mgongo umetugeuzia. Wiki iliyofuata ulivaa gauni lako la kanisani ukaenda kujaza fomu ya kugombea kiti chetu katika Bunge la jimbo. Baba alikuuliza unajua nini kuhusu sheria. Ukamwambia, "Orrin, nimeendesha basi miaka ishirini na tisa na sijapoteza mtoto hata mmoja. Sitakubali mjukuu wangu apimwe kama ngano, halafu nikae kimya."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ulitaka kitu kimoja tu: sheria ya kuzisaidia hospitali ndogo za Montana zifungue tena wodi za wazazi. Bunge letu hukutana Helena, mji mkuu wa jimbo, miezi minne tu kila baada ya miaka miwili, na uliona miezi hiyo minne ingekutosha.

Kiti kilikuwa cha Merle Hanchett, muuza matrekta, anayeketi kanisani benchi mbili mbele yetu. Si mtu mbaya, na sitaandika kwamba ni mbaya, ijapokuwa kuna miaka niliyotamani awe. Alikuwa akikuambia kwenye kahawa ya baada ya ibada, "Ardis, wodi isiyo na wazazi wa kutosha haiwezi kujiendesha."

"Merle," ukamjibu, "hata barabara ya kwenda kwako haijiendeshi, lakini tunaiondolea theluji kila wiki."

Akacheka, akakuongezea kahawa, na Novemba akakushinda kwa kura mia tisa na kumi na moja.

Wewe kwenye kampeni, Mama, ulikuwa msiba. Niseme tu. Ulitoka asubuhi kugonga milango na kurudi jioni umegonga minne. Kaka Nels, uliyemfanya meneja wa kampeni bila kumwuliza, alikuwa akikungoja na daftari.

"Kwa Hauglie umefika?"

"Nimefika. Ng'ombe wao alikuwa anashindwa kuzaa. Tumemvuta ndama pamoja."

"Na kura umewaomba?"

"Nels, mtu ana mkono ndani ya ng'ombe, wewe unataka nimwombe kura?"

Mara ya pili, kwenye gwaride la Sikukuu ya Uhuru, Julai, waandaaji walikupanga mwisho kabisa, nyuma ya farasi wote. Wengine wangeona wametukanwa. Wewe ulikuja na koleo na toroli, ukapita mtaa mzima ukizoa mavi ya farasi huku ukisalimia watu kwa majina. Mtu mmoja akapiga kelele mbele ya baa, "Bi Ardis, ukifika Helena utakuta mengi zaidi ya hayo!" Nawe ukamwinulia koleo, "Ndiyo maana nafanya mazoezi!" Mtaa mzima ulikushangilia. Baba ndiye peke yake aliyesimama na uso umemwiva, kwa sababu binamu zake walikuwa wamekuja kutoka mbali kutazama. Mwaka huo ulishindwa kwa kura elfu moja na tatu.

Mara ya tatu tukachapisha mabango. Ulikataa jina lako liandikwe kubwa. Ukasema si adabu mtu kuning'iniza jina lake kwenye uzio wa jirani. Kwa hiyo mabango yakaandikwa WODI YA WAZAZI RUDD kwa herufi za kutosha kuonekana kutoka kwenye treni, na chini, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa, Ardis Kvamme. Katika wiki mbili hospitali ilipigiwa simu kadhaa kuulizwa saa za kutazama wagonjwa. Mama mmoja mjamzito alifika na begi lake kabisa. Ulipopata habari ulimfuata, ukamwomba radhi, ukampeleka mwenyewe maili tisini, na njia nzima hukumwambia kwamba unagombea.

Hapo watu walianza kubadilika. Hawakubadilishwa na mabango. Kila jiko la kaunti hii lilikuwa na mwanamke aliyewahi kubebwa na mtu kwenye theluji, au anayemhofia binti yake, na walianza kusemezana. Mara ya nne ulishindwa kwa kura hamsini na saba tu. Merle hakukuongezea kahawa Jumapili ile. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili akaonekana mzee.

Sasa nafika pale ambapo Nels amenisihi nisifike.

Uliposema utagombea mara ya tano, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na bahasha, na supu za kuchangisha pesa, na watu waliokuwa wakiniuliza dukani, "Mama bado anagombea tu?" Tuligombana jikoni kwako mwezi wa Septemba.

"Mama, inatosha," nikasema. "Watu wanatucheka."

"Wanatucheka vizuri au vibaya?"

"Vibaya."

"Basi angalau wanasikiliza."

"Kwani huwezi kukaa nyumbani kama bibi wengine?"

Ulikunja kitambaa cha vyombo, ukakitandika kwenye mpini wa jiko, ukaninyoosha kola ya shati kama vile bado napanda basi. "Naweza," ukasema. "Nimejaribu. Siku ya pili nimesafisha kabati lote, na wodi bado imefungwa."

Siku ya kura niliendesha gari hadi kanisani, maana tunapigia kura ukumbi wa chini. Nilikaa ndani ya gari nikitazama watu wakiingia. Niliwaza uso wako utakavyokuwa kesho yake, ukijifanya hujali, ukiuliza nani anataka kahawa. Nikajiambia kura moja haibadilishi kitu. Nikawasha gari nikaenda kununua chakula cha kuku. Jioni uliponiuliza kwa simu kama nimepiga, nikasema ndiyo.

Asubuhi iliyofuata matokeo yalibandikwa mahakamani. Hanchett, elfu mbili mia moja na kumi na nane. Kvamme, elfu mbili mia moja na kumi na saba.

Walihesabu upya. Asubuhi nzima ulikaa kwenye kiti cha mbao ukifuma soksi, na Merle akikaa upande wa pili akizungusha kofia yake. Ikatoka vilevile. Ulisimama, ukampa mkono, ukamwambia, "Waambie huko Helena kwamba chumba cha mizani kina baridi." Kisha ulikwenda nyumbani ukalala mchana kwa muda wa saa mbili, kitu ambacho hatukuwahi kukuona ukifanya.

Mimi sikulala. Kwa muda wa wiki mbili sikula vizuri. Mwisho nilikuja kwako wakati unatengeneza mikate myembamba ya viazi ya Krismasi, unga umekufika viwikoni, Baba kwenye kiti chake na gazeti lake la mifugo.

"Mama," nikasema, "sikupiga kura."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Orodha ya waliopiga kura iko wazi, mtu yeyote anaweza kuiomba. Niliisoma siku ya tatu."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja. Umekonda. Keti."

Niliketi. Nilianza kulia na kusema nimekuharibia kila kitu, miaka yote tisa, na mwanangu mwenyewe ndiye aliyezaliwa kwenye mizani. Uligeuza mkate kwa kijiti chako, ukaungoja uive, ukauondoa.

"Marit, hesabu hujaifanya sawasawa," ukasema. "Kura yako ingeleta sare tu. Kura iliyoninyima kiti ni yangu."

"Yako? Kwani wewe ulimpigia nani?"

"Merle, bila shaka."

Nilikutazama nikadhani umepata kiharusi.

"Mtu hajipigii kura mwenyewe," ukasema, kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga mlango. "Babu yako alikuwa kwenye bodi ya shule miaka kumi na sita na hakuwahi. Ni sawa na kujipakulia kwanza wakati wageni wamesimama na sahani."

"Mara zote tano?"

"Mara zote tano. Nibadilishe adabu kwa sababu nakaribia kushinda?"

Msomaji asiye wa hapa huenda asiamini. Lakini aje Jumapili yoyote kwenye meza yetu ya kanisani atazame kipande cha mwisho cha keki. Kitakaa pale mpaka kikauke, watu arobaini wakikizunguka na kila mmoja akimwambia mwenzake, chukua wewe. Uliona afadhali Merle akae Helena miaka mingine miwili kuliko wewe kukichukua. Upande wa pili wa zile hesabu walikuwapo wanawake wenye mimba, Mama, na nilikukasirikia kwa kweli. Nilikukasirikia na nikacheka na nikalia, vyote kwa wakati mmoja, na unga ulikuwa umeingia hadi kwenye nywele zangu kwa sababu ulikuwa umenikumbatia.

Ndipo Baba akasema nyuma ya gazeti, "Mimi nilikupigia wewe."

"Asante, Orrin."

"Mara nne."

Ukamgeukia. "Mara nne?"

"Mwaka ule wa mavi ya farasi nilikuwa nimekasirika."

Sijawahi kukuona ukicheka vile. Ulilazimika kuzima jiko.

Nilijiuliza baadaye kama ulisema hayo kunitua mzigo tu. Baba anaapa ni kweli. Na hata kama si kweli, uliutua kweli, na nimeishi bila mzigo huo tangu siku ile.

Miezi mitatu baadaye ukatuacha, Bunge likiwa bado linakutana. Merle aliondoka Helena na kuendesha gari kwa muda wa saa nne kuja kukuzika. Alileta bakuli la viazi na nyama ya kusaga alilolipika mwenyewe, lilikuwa limeungua pembeni, na akaja kuketi karibu nami. Nilimwambia. Sikupanga kumwambia, ilinitoka tu. Nilimwambia kuwa kura iliyompeleka Helena ilikuwa ya kwako.

Aliweka uma chini. 

"Mimi nilijipigia," akasema mwisho. "Kila mara."

"Najua, Merle. Wewe hukulelewa na babu yangu."

Wiki iliyofuata aliuchukua kwetu mswada wako wa sheria ile ya wodi, kurasa tatu ulizoandika kwa mkono, akaupeleka bungeni kwa jina lake. Ulikataliwa kamatini, kwa kura kumi na moja dhidi ya saba. Aliporudi alikuja hadi kwenye uga wetu, akasimama na kofia mkononi.

"Waliniuliza maswali nikashindwa kuyajibu," akasema. "Angekuwa yeye angewaambia wakae, nao wangekaa. Mswada ule unataka mtu anayejua baridi ya kile chumba."

"Na wewe unagombea tena?"

"Nagombea. Kwani nani mwingine yupo?"

Jibu la swali hilo nililipata polepole, Mama, majira mazima ya kiangazi na ya mavuno. Jumanne iliyopita nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda kujaza fomu. Karani wa kaunti alisoma jina la ukoo, akaniangalia juu ya miwani yake. "Mara ya sita?" akauliza. Nikamwambia, "Ya kwanza." Akagonga muhuri, akasema, "Tutaona."

Nels anasema mgombea anayeandika gazetini kwamba hakumpigia kura mama yake mzazi amejimaliza kabla hajaanza. Huenda ni kweli. Lakini orodha iko wazi, na watu wa Rudd wanajua kusoma. Afadhali walisikie kwangu, leo, kwenye ukurasa wenye picha yako. Nilikudanganya wewe kwa kusema nimepiga, na wao kwa kuficha. Sitaanza kazi yako kwa uongo uleule.

Merle alinipigia simu siku hiyohiyo. Alisema amefikiri sana, na kwamba Novemba hii atanipigia mimi, kwa heshima yako.

"Usithubutu," nikamwambia. "Jipigie. Nataka kukushinda ukiwa umejipigia."

"Na wewe?"

Sikumjibu yeye, nakujibu wewe, kwa sababu wewe ndiye ninayepaswa kukuomba radhi. Novemba nitashuka ngazi za ukumbi wa kanisa. Sitabaki ndani ya gari. Nitachukua karatasi, nitatafuta jina Kvamme, na nitaweka alama pale, mbele ya wageni wote waliosimama na sahani zao. Ni kukosa adabu, najua. Lakini kura hiyo ni yako, Mama, nilikuwa nimeishikilia.

Wanakukumbuka: mumeo Orrin, aliyekupigia kura mara nne na anaomba umsamehe ile moja, mwanao Nels, meneja, na daftari lake, binti yako Marit, mgombea, mjukuu wako Signe, ambaye sasa ana miaka kumi na hamwambii mtu uzito wake, dada zako Borghild na Thea, mzee Clete wa mizani, wanawake wa jiko la kanisa, na kila aliyewahi kupanda basi namba saba.

Hatujakusahau siku hata moja, na hatutajifunza kukusahau.